Mteja Wangu wa Nairobi

Kwetu mtaa wa Bwiza mtu hasafiri. Leo anaonekana, kesho haonekani, na wiki moja baadaye mama yake anasimama kanisani kushukuru kwamba mtoto amefika salama Kampala, au Montreal, au popote alikofika. Kabla ya hapo ni mwiko kusema. Ukisema, safari inakufa. Inakufa kwa ugonjwa gani, hakuna ajuaye, lakini kila ukoo una marehemu wake. Wa kwetu ni safari ya Kanada ya binamu yangu. Alifanyiwa karamu ya kuagwa, mbuzi akachinjwa, wajomba wakavuka mpaka kutoka Uvira na hotuba mfukoni, halafu ubalozi ukamnyima viza. Mbuzi alikuwa ameshaliwa. Mpaka leo binamu yangu akipita dukani wanamwita Kanada.

Kwa hiyo siku ofisi moja ndogo ya Nairobi, inayochora ramani za nyumba, iliponiandikia kwamba imenipa kazi, mama alifunga dirisha kwanza ndipo akanipongeza.

"Nani anajua?" akauliza.

"Mi na wewe."

"Basi tumeshakuwa wengi."

Akanipa sheria. Kusiwe na sanduku litakaloonekana. Kusiwe na kuaga. Kusiwe na kunyoa wala kusuka nywele kwa namna ya mtu anayekwenda mahali. Na zaidi ya yote, asijue fundi.

Fundi ni mama mzee tunayeishi naye ua mmoja, mlango wake ukitazamana na wetu. Ni Mwislamu wa ukoo uliokuwa mjini hapa kabla ya barabara kupewa namba, na anashona mapazia, sare za shule na magauni ya harusi kwa cherehani ya kukanyaga kwa miguu. Mimi namwita Bibi. Mama alipokuwa akishinda sokoni kuuza vitenge, mimi nilikuwa nikishinda chini ya meza ya fundi. Hapo ndipo nilipochora mstari wangu wa kwanza ulionyooka, kwa kipande cha sabuni kilichochongoka, juu ya karatasi ya mfuko wa saruji. Katika barua yangu ya kuomba kazi sikumtaja. Niliandika kwamba nimejifundisha mwenyewe. Hilo ni kweli kwa upande wa kompyuta: nilijifunza kwa video za simu, nikiirudia ile ile mpaka mega za intaneti ziishe, na sina diploma hata moja ya kumwonyesha mtu. Lakini mstari nilifundishwa.

"Kwa nini Bibi asijue?" nilimuuliza mama.

"Unakumbuka kijana wa nyumba ya kona? Alimwambia yeye peke yake. Wiki ile ile viza ikakataliwa."

"Labda hakuwa na karatasi zilizotakiwa."

"Karatasi alikuwa nazo. Alikosa kufunga mdomo."

Nilicheka, maana mimi ni mtu wa akili na siamini mambo hayo. Halafu nikakaa kimya miezi miwili, sikumwambia mtu.

Lazima nikiri namna nilivyo, vinginevyo yanayofuata yataonekana kama masihara. Mimi siwezi kupika chai bila kuandika kwanza: maji, majani, sukari, zima moto. Kwa safari hii niliandika orodha ya mambo ya kufanya, kisha orodha ya mambo ninayoweza kuyasahau, kisha nikaanza kuogopa kwamba nitaisahau orodha ya pili, nikaitolea nakala. Karatasi zangu zote nilizipeleka zikavishwe plastiki zisiharibike. Nilivisha hata kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kabla muuguzi hajaigonga muhuri. Muuguzi aliigeuza, akaigeuzageuza tena, akaniuliza muhuri aupige wapi, kwenye paji la uso wangu? Ilibidi nianze upya na kadi mpya.

Halafu kulikuwa na nyumba yenyewe, niliyoikodi Nairobi nikiwa bado kwetu. Ilikuwa chumba kimoja kwenye ghorofa ya nne, aina ambayo Nairobi wanaiita bedsita: chumba kinachojifanya nyumba, jiko likiwa limesimama pembeni kama mgeni ambaye hakukaribishwa kuketi. Mtunzaji wa jengo alinitumia picha sita. Hakuna iliyoonyesha pembe zote nne kwa pamoja, jambo lililoninyima usingizi. Nikahesabu vigae vya sakafuni katika kila picha, nikamwandikia anipimie kigae kimoja. Hakujibu. Nikamwandikia tena, nikamwomba kama hana futi basi alaze karatasi ya kawaida ya ofisini sakafuni, apige picha, mimi nitajua. Safari hii alijibu.

"Madam, hii ni nyumba, si suti. Wewe kuja tu."

Lakini mtu kama mimi hawezi kuja tu. Nilijua upana wa kitanda nilichotaka kununua, nilijua mlango wa choo unafunguka kwa nje, na nilijua, kwa hesabu ya vigae, kwamba viwili hivyo vitagongana. Kwenye skrini ya kompyuta nilipanga chumba kile mara kumi na tisa. Skrini hainitoshi, nahitaji kuona ukubwa wa kweli. Basi Jumamosi moja, mama akiwa sokoni, nilichukua chaki na uzi, nikaichora nyumba yangu ya Nairobi uani, juu ya saruji, kwa vipimo kamili. Kuta, mlango, jiko, choo, kitanda. Siri ambayo mama alikuwa ameifungia dirisha niliitandaza katikati ya kaya nne, ikiwa na madirisha yote mawili.

Wa kwanza kufika alikuwa fundi wa magari anayeishi chumba cha nyuma. Alisimama juu ya kitanda changu na kikombe chake cha chai.

"Hii ni nini?"

"Ni ya kliyanti," nilisema. "Kliyanti wa Nairobi."

"Saloni ya kukaa iko wapi?"

"Haina saloni."

"Wageni wanakaa wapi?"

"Kwenye kitanda."

Alikunywa chai taratibu huku akifikiri. "Muambie kliyanti yako ile aiko nyumba. Ile ni kabati. Na uyu anakaanga samaki apa, anaenda choo apa, kuko hatua mbili. Akikosea usiku?"

Kufikia adhuhuri ua wote ulikuwa umeshatoa maoni. Wanawake waliokwenda bombani walipita katikati ya ukuta bila kupiga hodi. Mmoja alianika ndagala zake, wale dagaa wa ziwani, jikoni kwangu kwa sababu, alisema, si ndiko jikoni. Na Bibi alitoka kwake na miwani puani, futi ikining'inia shingoni, akasimama mlangoni. Mlangoni hasa: aliutafuta mstari wa mlango, akaingia kwa mlango.

"Uyu kliyanti yako anakaa na nani?" aliuliza.

"Peke yake."

"Peke yake kabisa?"

"Ndiyo, Bibi."

Aliangalia kitanda, akaangalia jiko. "Masikini," alisema, na akatoka kwa mlango ule ule.

Mama aliporudi aliikuta ramani, akaikuta na ndagala juu yake. Hakunigombeza. Alichukua ndoo ya maji na ufagio, akaibomoa nyumba yangu kuanzia chooni.

Tangu siku hiyo mji mzima ulijua, na mji mzima ukaanza kunisaidia kuficha. Sijawahi kuona siri iliyotunzwa na watu wengi kiasi hicho. Fundi wa magari alileta kamba ya kufungia mizigo, akasema aliikuta tu njiani na hana kazi nayo. Jirani mwingine alinipa unga wa muhogo kilo tano, umefungwa kwa utepe wa gundi mara mbili kama unaokwenda kupanda basi, akasema ni wa kula wiki hii. Kwenye kikundi cha maombi mama alikuwa ameomba waliombee "jambo fulani analolijua Mungu." Wakaliombea. Mama mmoja, aliyekolea kuliko wengine, alifumba macho, akainua mikono: "Bwana, lile jambo ulijualo, ulitangulie, ulifikishe salama, na zile ngazi za ghorofa ya nne, Bwana, ulipe nguvu za kuzipanda." Wengine wakasema amina. Mama alifungua jicho moja, akaniangalia, akalifumba.

Bibi peke yake hakuleta kitu na hakuuliza kitu. Na mimi, kwenye orodha yangu, nilikuwa na mstari mmoja ambao sikuweza kuufuta: kumuaga Bibi. Mengine yote yalikuwa na alama ya tiki. Huu ulinikaa kama mwiba wa samaki kooni. Nilijiambia kwamba mtu aliyenishikisha sabuni na kunionyesha mstari hawezi kusikia habari zangu kutoka kwa ndagala zilizoanikwa jikoni. Nilijiambia maneno mengi mazuri ya namna hiyo.

Nikatafuta njia ya pembeni. Nilimpelekea kitambaa, nikamwomba anishonee mapazia ya madirisha mawili, ya yule kliyanti.

"Kliyanti anakuagiza mpaka pazia?" aliuliza.

"Ananiamini."

Alikipima kitambaa kwa dhiraa, akaanza. Nilikaa naye alasiri tatu mfululizo, na kwa alasiri hizo tatu hatukumzungumzia mtu mwingine isipokuwa kliyanti.

"Dirisha yake inaangalia wapi?"

"Mashariki, Bibi."

"Basi jua litamuamsha. Nitaweka kitambaa cha ndani. Anajua kupika?"

"Kidogo."

"Kidogo namna gani? Anajua kupika maharage yakaiva, ao anapika yanalia kwenye sahani?"

"Yanalia."

"Muambie ayalowanishe tangu jana yake. Na asikae na njaa juu ya kuona haya kula peke yake. Mutu anakula, hata kama hakuna wa kumukaribisha." Aligeuza kitambaa. "Na kule Nairobi watamucheka namna anaongea. Awaache wacheke. Nao tutawacheka siku wakikuja."

Mtu mwenye akili timamu angetambua kwamba hapo alikuwa anaagwa. Angesema asante, Bibi, nitamfikishia, akaenda kulala. Mimi nilirudi nyumbani nikaitazama orodha, na mstari ule bado ulikuwa hauna tiki, kwa sababu hatukuwa tumeyatamka maneno yenyewe. Sikutaka kwaheri ya mafumbo. Nilitaka kwaheri iliyopigwa muhuri.

Basi langu lilikuwa la Alhamisi asubuhi, kupitia Gitega, mpaka wa Kobero, halafu Tanzania nzima hiyo. Jumanne nilimkuta Bibi anapinda upindo wa pazia la pili, pini mdomoni. Niliketi kwenye kigoda, nikasema yote kwa pumzi moja, kama mtu anayesoma tangazo: kwamba hakuna kliyanti, kwamba kliyanti ni mimi, nimepata kazi, naondoka Alhamisi, mama amenikataza kumwambia lakini mimi siwezi kuondoka bila kumuaga, yeye ni mama yangu wa pili, anisamehe, na asante kwa kila kitu. Nilimaliza vizuri. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi.

Aliziondoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye mto wake.

"Nani alikuuliza?" alisema.

"Hakuna, Bibi. Nilitaka ujue."

"Kujua nilijua tangu siku ya chaki. Mutoto gani anapimia kliyanti kitanda kwa kulala mwenyewe chini?" Alikuwa hajakasirika bado, alikuwa anatafuta mahali pa kuweka mkasi. "Kujua ni kitu moja. Kuambiwa ni kitu ingine. Mi sikutaka kuambiwa."

Sikuelewa, na uso wangu ulionyesha.

"Kijana wa kona alikuja hapa kama we," alisema. "Alikaa hapo hapo. Akaniambia, Bibi, niombee dua. Nikamuombea. Viza ikakataa. Mama yake akasema, nani alijua? Yule fundi tu. Miaka sita yule mama anapita hapa na mutungi wake, hanisalimii. Watu waliacha kuniletea gauni za harusi. Wanasema mukono wangu unafunga njia." Alilikunja lile pazia mara mbili. "Sasa we umekuja kujitua, umenitwika mi. Mazutu ya kutia gari haiko mujini. Bisi ikikosa mazutu Alhamisi, watasema ni mi niliyakunywa."

"Siwezi kumwambia mtu kwamba nimekuambia."

"Umeshindwa kuinyamazisha mudomo siku mbili zilizobaki. Utaiweza mbele ya mama yako?"

Niliona waziwazi kilichokuwa kimetokea: nilikuwa nimechukua amani ya mwanamke mzee nikaitumia kupigia tiki.

Alasiri hiyo hiyo Bibi alifunga mlango wake kwa kufuli, akabeba kikapu, akautangazia ua mzima kwamba anakwenda mtaa wa Kamenge kwa binti yake, mjukuu ana homa, na harudi mpaka mwisho wa wiki. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaka mashahidi. Mjukuu, nilijua, alikuwa mzima. Nilikuwa nimemwona asubuhi sokoni akila muwa. Mapazia nilikuta yamening'inizwa kwenye kitasa cha mlango wetu. La kwanza lilikuwa limekamilika. La pili upindo ulikuwa umeshonwa nusu, nusu iliyobaki ilikuwa na pini.

Alhamisi basi halikuondoka.

Mazutu hayakuwepo, kama yalivyokuwa hayapo wiki nzima, kama yalivyokuwa hayapo mwezi uliotangulia. Dereva aliketi kwenye kivuli cha basi lake, akatuambia tuvumilie. Abiria wengine waliketi juu ya mizigo yao wakaanza kula chakula walichokibeba cha njiani Tanzania. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mama. Mama alinivuta kando, nyuma ya lundo la magunia, na sura niliyoijua tangu enzi za binamu yangu.

"Ulimwambia mtu?"

"Mama, mazutu hakuna nchi nzima."

"Sikuulizi mambo ya nchi. Ulimwambia yule?"

Nilifikiria mlango ule wenye kufuli. Nilifikiria mama akirudi nyumbani bila mimi, au pamoja nami na sanduku langu, jambo baya zaidi, na namna atakavyompita Bibi bombani kuanzia siku hiyo. Mimi ambaye sijawahi kudanganya bila kutokwa jasho, ambaye hata muuguzi nilimwomba msamaha mara tatu, nilimtazama mama yangu machoni.

"Apana," nilisema. "Hajui kitu. Yuko Kamenge na mjukuu."

Mama akaanza kuwatafuta wengine wa kuwalaumu, na wapo tele: akaanza na yule mama wa maombi na ngazi zake.

Basi liliondoka Ijumaa.

Nyumba niliikuta ndogo kuliko hesabu yangu, maana vigae vilikuwa vya saizi nyingine. Mlango wa choo na kitanda viligongana kama nilivyotabiri, ila mahali tofauti. Mapazia nayo, kwa vipimo vyangu nilivyompa Bibi, yalikuwa marefu hata yakalala sakafuni kama abiria waliokosa kiti. Mtunzaji wa jengo alipanda kuniletea funguo, akayatazama, akanitazama na futi yangu mkononi. "Madam, nilikuambia kuja tu," alisema.

Jumapili mama alishukuru kanisani, na mchana akanipigia simu kutoka uani, spika ikiwa wazi, ili kila mtu ashangae. Walishangaa vizuri sana. Fundi wa magari, ambaye alilifunga sanduku langu kwa mikono yake, alisema "Nairobi? Wacha we," kwa sauti ya mtu aliyeamshwa. Mwenye unga wa muhogo akauliza kama huku nitapata unga wa muhogo. Nikasikia kufuli, nikasikia mlango, na nikasikia mama akisema, kwa upole ambao sikuutegemea, "Bibi, njoo umsikie mtoto, kumbe ameshafika Nairobi." Alikuwa amerudi kutoka Kamenge.

"Nani?" alisema Bibi, mbali na simu.

"Ni mimi, Bibi."

"Mimi nani?"

Nikajitaja. Sauti yake ilikuja karibu, kali, ikijaza ua wote mpaka bombani.

"Uko Nairobi? Ulienda lini? Mi niko Kamenge na mutoto mugonjwa, nakuja nakuta mutu ameenda? Miaka yote umekaa chini ya meza yangu, umekula kwangu, umemaliza sabuni yangu kwa kuchora, unatoka kama mwizi wa kuku? Hata kusema tu, Bibi, naenda? Nilikukosea nini?"

Nilimsikia fundi wa magari akiguna kwa masikitiko, na mama akisema polepole kwamba ni yeye, yeye ndiye aliyenikataza, Bibi asinilaumu.

"Nisamehe, Bibi," nilisema. "Niliondoka bila kukuaga."

"Sikia namna anaongea, kama anaongea ndani ya mutungi. Sema tena. Kuko watu huku nyuma hawajasikia."

Nikasema tena.